Ukuta mmoja, shiti mbili: nilivyoacha kupanga mionekano ya Revit kwa mkono

KAPU LA CHOKAA (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni, na wakubwa zangu shikamooni.

Niko Bagamoyo, ndani ya Mji Mkongwe, kwenye nyumba ya mawe ya ghorofa moja inayokarabatiwa. Kuta za matumbawe na chokaa, unene sentimita 55 chini na 45 juu, dari ya boriti za mikoko, vyumba vyembamba kama ilivyo kawaida ya nyumba hizi, maana mkoko hauna urefu wa kumwaga. Mimi ndiye ninayechora. Najua wengi humu mnachora nyumba mpya za tofali, ila yaliyonikuta yanamhusu kila anayejenga modeli kwenye kompyuta (mimi natumia Revit, programu ya kuchora majengo), kwa hiyo nivumilieni.

Jumatatu fundi mkuu wa uashi aliniita kwa kidole bila kusema neno. Alikuwa ametandaza shiti mbili juu ya pipa la chokaa, kaziwekea vipande vya tofali pembeni upepo wa bahari usizipeperushe. Akaweka kidole kimoja kwenye ukuta wa chumba cha nyuma kwenye plani, ule mchoro wa kutazama kutoka juu, kingine kwenye ukuta uleule kwenye seksheni, ule wa nyumba iliyokatwa wima. "Mwanangu, huyu hapa kafa, huyu hapa mzima. Nimzike au nimwache?"

Nikatazama. Kwenye plani ukuta ulikuwa wa mistari ya kukatika, rangi ya kijivu. Kwa fundi yeyote hiyo maana yake bomoa. Kwenye seksheni ulikuwa mweusi, mnene, upo. Na ni ukuta wa zamani wenye zidaka tatu, yaani vishubaka vya ndani ya ukuta, haubomolewi kabisa. Mji Mkongwe una ulinzi wake kisheria, ile Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 na marekebisho yake ya 1979. Huangushi ukuta wa namna ile kwa sababu mchoraji alisinzia.

Nikamwambia, "Mwache baba, kosa langu," nikaikunja ile plani nikaitia mfukoni. Bahati yangu ni kwamba yule mzee huwa anauliza. Yuko fundi angeshika nyundo.

Sasa kisa chenyewe. Faili langu lina mionekano 41: plani, seksheni, sura za nje, dari, detali za milango ya nakshi. Yote niliipanga kwa mkono. Nafungua mmoja, nabonyeza V mara mbili, nazima samani, nafifisha gridi, nabadili skeli. Nahamia wa pili, naanza upya. Nikifika wa ishirini sikumbuki wa tatu niliufanya nini. Kila mwonekano ukawa na tabia zake kama watoto wa mitaa tofauti.

Usiku ule nikakaa nikatengeneza templeti za mionekano, kazi ambayo ningeifanya siku ya kwanza. Kwa wasiojua: templeti ni kifurushi kinachobeba skeli, kiwango cha detali, vitu gani vionekane na vipi vizimwe, unene na rangi za mistari, filta (kanuni ya kubadili sura ya vitu vyenye sifa fulani), awamu za ujenzi zinavyoonyeshwa, vivuli, mpaka kimo cha kukatia plani, maana plani ni kama nyumba iliyokatwa kwa ulalo ukaitazama kutoka juu. Unaupanga mwonekano mmoja mpaka uridhike, unaugeuza kuwa templeti, kisha wengine wanaifuata.

Nimejizuia nikatengeneza tano tu. Ya rekodi ya hali ilivyo, ya kubomoa, ya ujenzi mpya, ya mhandisi, na ya tano naiita "jikoni", ndimo ninamofanyia kazi na hakuna shiti inayotoka humo.

Kuna mambo mawili yalinipotezea masaa.

La kwanza, kuna njia mbili za kutumia templeti na hazifanani hata kidogo. Ipo ya kuipiga mara moja: mwonekano unachukua sura ile, kisha kila mtu anashika njia yake, ukibadili templeti kesho mwonekano hauna habari. Na ipo ya kuifunga kwenye mwonekano, pale kwenye orodha ya propati (sifa za mwonekano) pembeni. Ukiifunga, vile vipengele vinafifia, huwezi kuvigusa kwa mkono, na ukibadili templeti wote waliofungwa wanabadilika pamoja. Mimi nilikuwa naipiga mara moja halafu nashangaa mbona hawafuati.

La pili, ndani ya templeti kila mstari una kisanduku cha tiki mwishoni. Ukikiondoa tiki, kipengele kile kinarudi mikononi mwa mwonekano. Hapa ndipo penye akili yote. Kuna vitu lazima templeti ivishike, na kuna vitu ikivishika inakuharibia.

Mfano wangu ni kimo cha kukatia. Programu inakata plani mita 1.2 kutoka sakafuni ukiiacha ilivyo. Kwa nyumba ya kisasa sawa. Ila zidaka zangu zinaanza mita 1.5, kwa hiyo plani inapita chini yake na ukuta unaonekana mzima, kana kwamba hakuna kitu. Kwenye templeti ya rekodi nimepandisha hadi 1.65, zidaka zikatokea. Lakini vyumba vya nyuma vimeshuka ngazi mbili kutoka barazani, na pale kimo hicho hakifai. Kwa hiyo nimeondoa tiki ya kimo, kila plani najipangia mwenyewe. Vipengele vingine templeti inatawala.

Karibuni. Anayejua zaidi ashushe.

FUNDI SKELI

Mkuu umetisha. Naongezea moja itakayowaliza watu: disipilini.

Kwenye templeti kuna mstari wa disipilini, yaani mwonekano ni wa usanifu, wa miundo, wa umeme na kadhalika. Ukichagua miundo, programu inaficha kuta zote ambazo hazikutiwa alama kuwa zinabeba mzigo. Haikuulizi. Sasa wewe kuta zako za matumbawe ndizo zinazobeba nyumba nzima, ila kama ulizichora kwa kitufe cha ukuta wa kawaida, kwa programu hizo ni pazia tu. Fungua ile templeti ya mhandisi uone kama hujamtumia nyumba isiyo na kuta.

KAPU LA CHOKAA

Nimefungua. Boriti zinaelea hewani kama nguo kwenye kamba.

Nimezichagua kuta zote za mawe nikazitia alama ya kubeba mzigo, zimerudi. Ahsante sana mkuu, ilikuwa iende kesho asubuhi.

DADA WA DUNDA

Kaka yangu, mimi templeti nazijua, ninachotafuta ni dawa ya binadamu. Tuko watatu kwenye faili moja. Mwenzangu anataka kuona boriti za paa, vigae vinamziba. Badala ya kufanya lake pembeni, anafungua templeti, anazima paa, anaendelea na shughuli zake. Asubuhi mimi naprinti shiti tisa, nyumba zote vipara. Nimeshasema mpaka nimechoka, jibu ni "samahani dada nilisahau kurudisha".

BORITI YA MKOKO

@Dada wa Dunda pole. Mfundishe mwenzako kitu kimoja: hali ya muda. Chini ya dirisha la mwonekano, kwenye ile mistari ya vitufe vidogo, kuna cha kuwasha mipangilio ya muda. Ukikiwasha mwonekano unazungukwa na fremu ya zambarau, na hapo anazima paa anavyotaka hata kama templeti imefungwa. Akimaliza anakizima, kila kitu kinarudi. Templeti haijaguswa.

Zijueni fremu hizi kwa rangi, zinasaidia sana. Zambarau ni mipangilio ya muda. Samawati ni kuficha au kutenga kitu kwa muda, ile ya kubonyeza H na H, au H na I. Unarudisha kwa H na R. Waridi iliyokoza ni ile ya kufichua vilivyofichwa, R na H. Ukiona mwonekano una fremu yoyote katika hizo, usiuamini unachokuonyesha.

DADA WA DUNDA

Fremu ya zambarau nimemuonyesha. Kasema "kumbe". Miaka miwili, kumbe!

TOFALI BICHI

Mimi natumia ArchiCAD, programu nyingine ya kuchora majengo. Huku mambo yako kinyume kidogo. Mwonekano unaouhifadhi kwenye ramani ya mionekano unabeba mipangilio yake: mkusanyiko wa leya, skeli, seti ya kalamu, filta ya ukarabati, vipiku vya rangi. Ukishaufungua unaweza kuchezea skrini unavyotaka, uliohifadhiwa haubadiliki mpaka wewe mwenyewe uuambie uchukue sura ya sasa. Ukivuruga, unabofya tena mara mbili, unarudi ulivyokuwa. Kwa hiyo la yule jamaa wa vipara huku halitokei kirahisi. Ugonjwa wetu ni mwingine: mtu anapanga sura nzuri kwenye skrini, hahifadhi, anaprinti shiti inatoka ya zamani, anadhani printa mbovu.

Ila dawa ni ileile. Tengeneza michanganyiko michache yenye majina, usichezee leya moja moja.

MZEE WA PENSELI

Vijana hamjambo. Nasoma tu nacheka. Sisi tulichora kwa karatasi ya treisi na kalamu za wino za Rotring. Ukuta uliokatwa kalamu 0.5, kinachoonekana mbali 0.25, vipimo 0.18. Zikiwa mezani zimejipanga. Kalamu haikubadilika ukihama karatasi, ndiyo maana ukuta wa plani na ukuta wa seksheni haukuweza kugombana. Nyie mmepewa kalamu mpya kwa kila karatasi halafu mnaita maendeleo.

Lakini nina swali kwa mwenye uzi. Umeeleza vizuri templeti, umeeleza tiki, umeeleza zidaka. Hujaeleza ule ukuta ulikatikaje mistari. Kama ukuta haubomolewi, na kwenye modeli haukuandikwa kubomolewa, nani aliuchora vile?

FUNDI SKELI

Swali la mzee limekaa. Kapu, ukiangalia sasa hivi, baada ya templeti zako zote, ukuta kwenye plani ukoje?

KAPU LA CHOKAA

Shikamoo mzee.

Nimefungua plani ya kubomoa, yenye templeti iliyofungwa, kila kitu kimefifia kinavyotakiwa. Ukuta bado umekatika mistari.

Nimeangalia propati zake: umejengwa awamu ya zamani, haubomolewi awamu yoyote. Nimeangalia mipangilio ya kategoria ya kuta: haina kitu. Filta hazina kitu. Kama plani hii ningeiprinti leo tungerudi pale kwenye pipa.

BORITI YA MKOKO

Uliupaka kwa mkono. Yaani si kategoria ya kuta, ni ukuta huohuo mmoja: bofya kulia, badili sura ya kitu hiki kwenye mwonekano huu. Umesahau tu. Na templeti haigusi kitu kilichopakwa kimoja kimoja. Vivyo hivyo kitu kilichofichwa kimoja kimoja, templeti hairudishi.

Ngazi zinapanda hivi: chini kabisa ni mitindo ya vitu ya mradi mzima, juu yake ukibadili kategoria kwenye mwonekano, juu yake filta, na juu ya zote hizo ulichokipaka kwenye kitu chenyewe kwa mkono. Cha juu ndicho kinachoshinda. Templeti inafika mpaka filta, hapo inaishia.

KAPU LA CHOKAA

Nimekumbuka. Mwezi wa kwanza wa kazi tulikuwa hatujui kama ukuta ule una ufa ndani au ni lipu tu. Nikaupaka kijivu wa kukatika, maana yake kwangu ilikuwa "huyu achunguzwe". Kwenye plani moja tu, ya kwangu ya kazi. Baadaye nilipotaka plani ya kubomoa nikanakili ileile ili nisianze upya. Rangi ikaja nayo. Ufa ulishachunguzwa, ulikuwa wa lipu, mimi nikasahau.

Kwa hiyo nilianzisha uzi mzima kuhusu dawa ambayo haikutibu ugonjwa wangu. Haya, nichekeni.

MZEE WA PENSELI

Hatucheki mwanangu. Wengine wasingerudi kusema.

BORITI YA MKOKO

Sasa tuutibu. Kuondoa kwa kitu kimoja ni rahisi: chagua, ingia palepale ulipopaka, bofya kuweka upya. Shida hujui vingapi vingine vimebeba rangi ya zamani, na programu haikupi orodha yake. Mimi nikishaushuku mwonekano sihangaiki nao. Natengeneza plani mpya kutoka kwenye levo (kimo cha sakafu kwenye modeli), SIO kunakili ya zamani, naifunga templeti ileile, nazipanga mbili pembeni kwa pembeni. Kinachotofautiana ndicho kilichopakwa au kufichwa kwa mkono. Kisha nachagua vipimo na maandishi kwenye ya zamani, nanakili, nabandika mahali palepale kwenye mpya. Ya zamani naifuta.

Na siku nyingine ukitaka kuonyesha "huyu achunguzwe", usipake. Muongezee ukuta kigezo chako cha mradi, yaani nafasi ya taarifa unayoiunda mwenyewe, cha ndiyo au hapana, kiite Uchunguzi. Tengeneza filta: kuta zenye Uchunguzi ndiyo. Itie filta kwenye templeti ya rekodi, ipe rangi unayotaka. Hapo sababu iko kwenye ukuta wenyewe, rangi iko kwenye filta. Ufa ukishachunguzwa unaondoa tiki mara moja, rangi inaondoka kwenye mionekano yote. Kwenye templeti ya kubomoa hiyo filta huiweki kabisa, kwa hiyo haiwezi kuvuja.

DADA WA DUNDA

Kwa nini usiandike tu kwenye nafasi ya maoni ya ukuta? Kuunda kigezo ni mzunguko.

BORITI YA MKOKO

Nilifanya hivyo zamani. Mmoja anaandika "chunguza", mwingine "kuchunguza", wa tatu "CHUNGUZA!!" na alama zake mbili. Filta inamkamata mmoja, wawili wanapita. Tiki haina tahajia.

Halafu filta zikiwa nyingi, mpangilio wake una maana. Ya juu kwenye orodha inaishinda ya chini pale zinapogombania kitu kimoja.

MTOTO WA MAGOMENI

Wakuu mimi naanza, nachora nyumba ya vyumba vitatu, mionekano sita jumla. Nayo inahitaji templeti zote hizi? Na laptopu yangu nikiwasha vivuli inalia kama pikipiki.

KAPU LA CHOKAA

Mdogo wangu, kwa sita mkono unatosha, usijitese. Tengeneza mbili tu: ya shiti na ya jikoni. Ya jikoni zima vivuli, weka detali ya chini, usitumie ile sura ya uhalisia. Laptopu itapumua. Ya shiti vivuli utawasha siku ya kuprinti.

FUNDI SKELI

Na @Mtoto wa Magomeni ukibadili skeli kutoka 1:50 kwenda 1:200 ukaona alama za seksheni zimepotea, usidhani umezifuta. Kila seksheni ina propati yake ya kujificha skeli ikivuka kiwango fulani. Nilizichora upya mara mbili kabla ya kujua. Mbili!

TOFALI BICHI

Swali la mwisho kabla sijalala. Hizo templeti ukizipenda, mradi mwingine unaanza upya?

BORITI YA MKOKO

Hapana. Unafungua mafaili yote mawili, unaenda kwenye kuhamisha viwango vya mradi, unaweka tiki kwenye templeti za mionekano na filta, zinahamia. Ukitaka zaidi, kwenye aina ya mwonekano kuna sehemu ya kusema mwonekano mpya uzaliwe na templeti gani. Plani ikizaliwa inazaliwa imeshavaa.

Ila angalia majina. Nimewahi kufungua faili la ofisi fulani nikakuta templeti 63, "plani mpya", "plani mpya 2", "plani mpya FINAL", "usifute". Hakuna aliyejua ipi ni ipi, na hakuna aliyethubutu kufuta.

KAPU LA CHOKAA

Mrejesho wakuu.

Nimefanya njia ya Boriti. Nimetengeneza upya plani zote nne za shiti kutoka kwenye levo, nikazilinganisha na za zamani. Vilivyopakwa kwa mkono vilikuwa vitu saba: ule ukuta, milango miwili, na vizingiti vinne ambavyo hata sijui nilivipaka kwa sababu gani. Kilichofichwa kimoja kimoja kilikuwa kimoja tu, ngazi ya darini. Ilikuwa haionekani kwenye plani yoyote, na mimi nikawa najiuliza mbona hakuna aliyeuliza ngazi iko wapi. Fundi alijua iko wapi, anaipanda kila siku.

Asubuhi nimepeleka shiti mpya. Mzee kaipokea, kaiweka juu ya pipa, kaulizia ile ya zamani. Nikamwambia nilishaichana. Akatoa nakala nyingine ya ileile kutoka kwenye kapu lake la zana, alikuwa nayo muda wote. Akaipiga msalaba mkubwa kwa penseli ya useremala, na kwenye mpya akaandika pembeni ya ukuta wa zidaka: YUPO.